Kwaresima Shuleni Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wazazi, walezi na wanafunzi wa shule yetu ya msingi ya Kikatoliki hapa Iringa. Maswali yametoka kwenye vikao vya wazazi na vipindi vya dini, na mengine nimeulizwa getini asubuhi, mzazi akiwa na haraka ya kuwahi daladala. Nimeyajibu nikiwa mwalimu wa dini na mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la Kipapa la watoto. Panapohusu sheria ya Kanisa nimeitaja sheria yenyewe. Penye utaratibu wa shule au maoni yangu, nimesema hivyo.

Kwaresima ya mwaka 2026 inaanza na kwisha lini?

Jumatano ya Majivu ni 18 Februari. Kipindi kinafungwa Alhamisi Kuu, 2 Aprili, kabla ya Misa ya jioni ya Karamu ya Bwana. Pasaka ni 5 Aprili. Mwaka 2027 tutaanza mapema zaidi, 10 Februari, na Pasaka itaangukia 28 Machi.

Tunasema siku 40, mbona kwenye kalenda ni 46?

Hili ni swali la darasa la tano, na huwa wanakuja na kalenda mkononi. Kiliturujia Kwaresima inafungwa Alhamisi Kuu, kama nilivyosema, ila siku 40 kimapokeo huhesabiwa hadi Jumamosi Kuu. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi siku hiyo ni siku 46, hesabu yao ni sahihi. Humo ndani mna Dominika, yaani Jumapili, 6, na Dominika haifungwi kwa sababu kila Dominika ni kumbukumbu ya Ufufuko. Ukizitoa zinabaki 40, kama siku alizofunga Yesu jangwani.

Je, mtoto wangu anatakiwa kufunga chakula?

Hapana. Naomba mzazi asome jibu hili hadi mwisho, maana kila mwaka ndipo penye shida.

Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa inasema wazi: kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Kujinyima nyama kunaanzia kwa aliyetimiza miaka 14. Watoto wetu, kuanzia darasa la awali hadi la saba, karibu wote wako chini ya umri huo. Hakuna dhambi kwa mtoto wa darasa la pili kunywa chai na andazi Jumatano ya Majivu. Dhambi iko karibu zaidi na mtu mzima anayemtoa mtoto nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, ukungu na baridi vyote, bila kitu tumboni, eti ni Kwaresima.

Uji wa saa nne unapikwa Jumatano ya Majivu kama siku nyingine yoyote, na kila mtoto anapewa kikombe chake. Kuna mwaka nilimwona binti wa darasa la tatu akimimina uji wake taratibu kwenye kikombe cha jirani yake, huku akiangalia pembeni asionekane. Nilipomwita akaniambia anafunga kama bibi yake. Moyo wake ulikuwa mzuri, na sikutaka kuuvunja. Nikamwambia anywe uji wake wote, kisha amsaidie yule jirani kubeba ndoo ya maji ya kumwagilia bustani, kwa sababu zamu ya jirani huyo ilikuwa siku hiyo na mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Alifanya hivyo wiki nzima.

Kanuni hiyohiyo ya 1252 ina sehemu ya pili ambayo watu huisahau: wachungaji na wazazi wahakikishe kwamba hata wale ambao umri wao hauwabani na sheria wanalelewa katika roho ya kweli ya toba. Kwa hiyo mtoto haachwi nje ya Kwaresima. Anaingia kwa mlango wa saizi yake.

Basi ajinyime nini?

Kitu anachokipenda kweli, kilicho mikononi mwake, na ambacho kikiachwa kuna mtu mwingine atafaidika. Sharti hilo la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mtoto akiacha kununua ubuyu kwa shilingi mia mbili halafu akaitunza pesa anunue ubuyu mwingi Jumatatu ya Pasaka, ameahirisha tu. Ile shilingi mia mbili iende kwenye kopo la darasa. Akiacha katuni za jioni, ule muda aende kwa mdogo wake mwenye kazi ya hesabu, au amchotee maji bibi wa jirani.

Vitu vingine havina bei. Darasa la sita waliwahi kukubaliana wenyewe kuacha majina ya utani kwa kipindi chote, baada ya mwenzao mmoja kulia darasani kwa sababu ya jina aliloitwa. Hiyo kwangu ilikuwa Kwaresima halisi kuliko pipi zote zilizoachwa mwaka ule.

Naomba wazazi msimchagulie mtoto. Muulizeni, mkae mkimsikiliza, na akichagua kitu kidogo mkiheshimu.

Je, Ijumaa shule inapika nyama?

Haipiki. Ijumaa za Kwaresima jikoni kwetu ni makande, au ugali na maharage na mboga ya mnafu. Watoto katika katekisimu wanaikariri Amri ya Kanisa: funga siku ya Jumatano ya Majivu, usile nyama siku ya Ijumaa Kuu.

Samaki anaruhusiwa. Wapo wanaouliza kuhusu dagaa wa Nyasa na samaki wa Mtera, na jibu ni ndiyo. Ila ukimtafuta sato mkubwa kuliko wote sokoni ukamuunga kwa nazi, umeshika herufi ya sheria na kuiacha roho yake.

Niongeze jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu nyama si chakula cha kila wiki, na miezi ya masika ndiyo migumu zaidi, mahindi ya mwaka jana yakiwa yanaelekea ukingoni na mapya yangali shambani. Mtoto wa nyumba hiyo ukimwambia ajinyime nyama unamwomba asichokuwa nacho. Walimu tunajitahidi tusizungumze darasani kana kwamba kila mtoto ana nyama, televisheni na pesa ya matumizi. Mtoto asiye na cha kuweka kwenye kopo ana mikono, ana sauti ya kusali, ana muda. Ndiyo maana kopo la darasa halina jina la mtoto, na hakuna anayeandikwa katoa kiasi gani.

Kopo la Kwaresima ni la nini?

Kila darasa lina kopo lenye tundu juu, limekaa mezani karibu na sanamu ya Bikira Maria. Wanaolisimamia ni watoto wa Utoto Mtakatifu.

Shirika hili lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliyeguswa na habari za mateso ya watoto huko China. Wazo lake lilikuwa jepesi: watoto wawaombee watoto, watoto wawasaidie watoto. Mwaka 1922 Papa Pius XI akalifanya kuwa shirika la Kipapa. Watoto wetu hushangaa wanaposikia kwamba mtoto wa Iringa anayetoa sarafu leo yuko kwenye safari moja na watoto wa karne ya 19 ambao hawakuijua hata Tanganyika.

Fedha inagawanywa mafungu mawili. Moja linakwenda parokiani kwa kazi za Utoto Mtakatifu. La pili linanunua sabuni, chumvi na mafuta ya kujipaka kwa wazee wanaoishi peke yao kwenye Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinazoizunguka shule. Watoto wanapeleka wenyewe, wanafagia uwanja, wanachanja kuni. Mzee mmoja aliwaomba wamwimbie badala ya kufagia, na wakaimba mpaka mvua ikaanza.

Majivu yanatoka wapi? Mbona tunaambiwa tulete matawi makavu?

Yanatokana na matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Nyumba nyingi huyachomeka nyuma ya msalaba sebuleni au huyasuka kuwa msalaba mdogo juu ya mlango. Yakiwa makavu usiyatupe jalalani, ni kitu kilichobarikiwa. Mpe mtoto ayalete wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Tunayachoma uwanjani, watoto wakiwa wamezunguka, kisha majivu yanachekechwa kwa kitambaa hadi yawe laini. Wanaopenda kuona jambo likitokea kwa macho hujifunza hapo kuliko kwenye daftari.

Padri akimpaka mtu majivu husema, "Tubuni na kuiamini Injili," au "Kumbuka u mavumbi, na mavumbini utarudi." Kwa darasa la awali tunamwomba atumie ile ya kwanza. Hayo ni maoni ya walimu, si sheria.

Mtoto afute majivu akifika nyumbani?

Akitaka. Hakuna sheria. Asioneshe majivu kwa kujivuna tu, maana Injili ya siku hiyohiyo, Mathayo sura ya 6, inaonya juu ya hilo.

Mwanangu si Mkatoliki. Atalazimishwa?

Hatalazimishwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani ya dini, na kwetu hilo tunaliheshimu kwa vitendo. Mtoto wa dini au dhehebu lingine anakaribishwa kwenye sala za asubuhi kwa utulivu. Hapakwi majivu bila mzazi wake kuridhia. Wakati wa Njia ya Msalaba, ile sala ya kutafakari mateso ya Yesu kituo kwa kituo, anaweza kukaa maktaba na mwalimu wa zamu.

Wenzetu Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani nao wana Kwaresima na Juma Kuu, kwa hiyo watoto wao huwa wanajua mengi tayari. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa Kimoraviani kutoka Rungwe aliyejua masomo ya Juma Kuu kuliko Wakatoliki wa darasa lake, na nilimpa nafasi ya kusoma mbele ya wenzake.

Mwaka huu Ramadhani imeanza wiki moja na Kwaresima yetu, kwa hiyo wanafunzi wetu Waislamu wapo kwenye mfungo pia. Wakati wa uji, yule ambaye mzazi wake ametuarifu kwamba anafunga anakaa maktaba au chini ya mti na rafiki zake, na haitwi jikoni. Kwenye michezo mwalimu hamkimbizi. Wazazi Waislamu, tunaomba mtuambie mapema, hasa kwa wadogo wanaojaribu nusu siku, ili mtoto akisikia kizunguzungu tujue la kufanya. Watoto wenyewe wanaulizana sana kuhusu mifungo yao, na ninawaacha waulizane. Mmoja aliniambia amegundua kwamba rafiki yake naye anaamka usiku kusali. Wazo la wao wawili kuombeana likatoka kwao.

Njia ya Msalaba inafanyikaje shuleni?

Kila Ijumaa ya Kwaresima saa nane mchana, baada ya vipindi. Vituo ni 14. Darasa la nne hadi la saba wanapanda navyo kilimani, kwenye njia iliyo kati ya mikaratusi nyuma ya shule; darasa la kwanza hadi la tatu wanafanya vituo vinne tu ndani ya ukumbi, kwa picha kubwa, kwa sababu miguu na akili zao huchoka.

Msalaba ni wa mbao, mzito kiasi kwamba mtoto mmoja hawezi kuubeba mbali. Tuliuacha hivyo kwa makusudi. Kwenye kituo cha tano, Simoni wa Kirene anapomsaidia Yesu, anayebeba huchagua mtu wa kumpokea, na sharti ni kwamba asiwe rafiki yake wa kila siku. Ukitaka kujua hali ya darasa lako, simama pale uone nani anamchagua nani. Nimeona wawili waliogombana tangu Januari wakishika mti mmoja, mmoja mbele mmoja nyuma, buti zikiteleza kwenye udongo mwekundu, wakiambiana kwa sauti ya chini wapi pa kukanyaga.

Kila kituo kinaanza kwa maneno tuliyoyazoea wote: "Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru," na wote wanaitika, "kwa kuwa umewakomboa watu kwa Msalaba wako Mtakatifu." Tafakari wanaiandika watoto wa darasa la saba, na mimi narekebisha tahajia tu. Kwenye kituo cha nane, Yesu anapowafariji wanawake, mmoja aliandika kuhusu mama yake anayeuza mahindi ya kuchoma stendi kwenye mvua. Hakuna mwalimu aliyeweza kusoma baada yake bila kukohoa kwanza.

Mvua ikinyesha sana tunabaki ukumbini. Mleteeni mtoto sweta, na buti kama zipo. Wazazi mnakaribishwa.

Maungamo: ni kwa watoto gani, na niwaandaeje?

Ni kwa wale waliokwisha kupokea sakramenti ya Kitubio, yaani wa Komunyo ya Kwanza na kuendelea. Kanisa linataka tuungame walau mara moja kwa mwaka, na wiki ya nne ya Kwaresima Padri anakuja shuleni.

Usimfanye mtoto aogope. Mkumbushe mambo matatu: nimemkosea nani, najuta kweli, nitafanya nini kurekebisha. Mfundishe sala ya kutubu aiseme bila kubabaika. Akitaka kuandika kikaratasi akiandike, na baada ya maungamo akichane mwenyewe. Tunawazuia wasikae wawili wawili kuandaa, kwa sababu hunakiliana, na utasikia darasa zima limeiba sukari.

Padri amefungwa na siri ya maungamo, kanuni ya 983, na haifungui kwa mwalimu, kwa mzazi wala kwa mtu yeyote. Nasi tuiheshimu: mwalimu hamuulizi mtoto alichosema, na mzazi asimuulize. Mtoto akitoka pale uso umechangamka, mpikieni chakula anachokipenda. Inatosha.

Mtoto wangu hajabatizwa na ameanza kuomba ubatizo.

Zungumzeni naye kwanza nyumbani, kisha baba na mama, au mlezi, mje shuleni pamoja. Bila ridhaa yenu hatuendelei. Mtoto aliyefikisha miaka saba anaandaliwa kama mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa imani ili abatizwe, na safari hiyo inachukua muda, haianzi leo ikamalizika Pasaka hii. Walioanza zamani ndio watakaobatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka. Utawasikia wakiombewa Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima.

Kwa nini ngoma na vigelegele vimenyamaza?

Kwaresima haiimbwi Aleluya, na wimbo wa Utukufu unapumzika. Maua yanaondolewa altareni, na vyombo vya muziki vinapigwa kwa ajili ya kusindikiza waimbaji tu. Watoto wetu wanaocheza mbele ya altare nao hupumzika, na wengine hununa kwelikweli. Tunawaambia wahesabu siku. Utukufu huimbwa tena kwenye sherehe ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, na ya Kupashwa Habari Bikira Maria, 25 Machi. Dominika ya nne kuna nafuu kidogo: maua yanarudi, na Padri anaweza kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau.

Kwa nini Padri hayupo siku moja ya Juma Kuu?

Yuko na Askofu kwenye Misa ya Krisma, ambapo mapadri wa jimbo hukusanyika. Hapo yanabarikiwa mafuta ya wakatekumeni na ya wagonjwa, na Krisma, yaani mafuta matakatifu ya mpako, inawekwa wakfu. Mwenye mgonjwa awahi kumwita kabla.

Binti yangu anaweza kuwa kati ya wanaooshwa miguu Alhamisi Kuu?

Anaweza. Tangu Januari 2016, kwa uamuzi wa Papa Francisko, wanaochaguliwa ni kutoka katika Taifa lote la Mungu, wanaume kwa wanawake, wazima kwa wagonjwa. Parokiani huwa wanatuomba watoto wawili, na tunapeleka mvulana na msichana. Mtoto aoshwe miguu nyumbani kabla ya kwenda, tafadhali, maana masika haya tope halichagui.

Na sisi wazazi, mnatutaka nini zaidi ya michango?

Mfano. Someni pamoja Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Ukiwa mrefu, ukurasa mmoja kwa jioni. Hudhurieni Njia ya Msalaba kwenye Jumuiya yenu, na mtoto akiwepo.

Masika ndiyo msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na najua nagusa pachungu. Baba akiweka kikombe chini hadi Pasaka, na ile pesa ikaonekana kwa macho imenunua madaftari au imelipa deni la dukani, mtoto ataielewa Kwaresima kuliko vipindi vyangu vyote. Mama akimfuata yule jirani ambaye hawasemezani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto ataona. Wanaona kila kitu, na huja kunisimulia Jumatatu.

Je, ratiba hii inapunguza masomo?

Kidogo sana. Misa ya Jumatano ya Majivu inachukua vipindi viwili, vinavyofidiwa wiki hiyohiyo. Ijumaa Kuu, 3 Aprili, na Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili, ni mapumziko ya kitaifa.

Kopo litafunguliwa lini, na nani atahesabu?

Jumatano ya Juma Kuu, 1 Aprili, saa tatu asubuhi, barazani mbele ya ofisi. Wanahesabu watoto wawili kutoka kila darasa pamoja na mhasibu wa shule na mjumbe mmoja wa kamati ya wazazi. Jumla inaandikwa ubaoni palepale, na risiti za vitu vitakavyonunuliwa zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya Pasaka. Mzazi yeyote anaruhusiwa kuja kushuhudia.